Tumbaku na Vinywaji Vikali Mpakani: Kiwango Anachoruhusiwa Msafiri Bila Kutozwa Ushuru

Na Mwandishi Wetu, Kilema – Moshi

Wakazi wa Kilema na vijiji jirani vya Vunjo wanaishi kati ya milango miwili ya nchi. Wakishuka hadi barabara kuu ya Moshi–Himo na kuelekea mashariki, wanafika Holili wilayani Rombo, ng'ambo ya mji wa Taveta nchini Kenya. Wakielekea magharibi, wanapita Moshi mjini na kufika Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Kilimanjaro (KIA) wilayani Hai. Kila mwezi Desemba milango hiyo hupitisha wana wa Kilimanjaro wanaorejea nyumbani kwa sikukuu, wengine kutoka Nairobi na Mombasa, wengine kutoka Ulaya, Marekani na nchi za Ghuba. Katika mizigo yao hukosekana kwa nadra chupa ya mzee, mvinyo wa sherehe ya ubarikio au harusi, au pakiti za sigara.

Ni katika vitu hivyo viwili, pombe na tumbaku, ambapo wananchi wengi hupata hasara mpakani. Wapo wanaoamini kuwa zawadi haitozwi kodi. Wapo wanaoamini kuwa chupa iliyonunuliwa katika duka la uwanja wa ndege lisilotoza ushuru imekwisha kusamehewa popote iendako. Wapo pia wanaoamini kuwa kwa sababu Tanzania na Kenya zimo katika Jumuiya moja, kila kinachouzwa Taveta kinaweza kuvushwa kwa uhuru hadi Himo. Imani zote tatu hazina msingi katika sheria. Makala haya yanaeleza kiwango kilichowekwa, anayestahili kukitumia, na taratibu za kufuata ili msafiri avuke salama pamoja na mali yake.

Sheria inayosimamia

Masuala ya forodha nchini yanasimamiwa na Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004. Sheria hiyo ni moja kwa Nchi Wanachama zinazotekeleza Umoja wa Forodha wa Jumuiya, ambao ulianza kutumika tarehe 1 Januari, 2005. Kwa upande wa Tanzania, utekelezaji wake uko chini ya Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA). Kwa upande wa Kenya, uko chini ya Mamlaka ya Mapato ya nchi hiyo (KRA). Hivyo basi, abiria anayeshukia Nairobi na yule anayeshukia KIA wanapimwa kwa kipimo kimoja.

Misamaha ya ushuru kwa mizigo ya abiria imewekwa katika Jedwali la Tano la Sheria hiyo. Kanuni ya jumla ni kwamba abiria anayetoka nje ya Nchi Wanachama anaweza kusamehewa ushuru wa vitu vyake binafsi, iwapo ni mali yake, amefuatana navyo, na ni kwa matumizi yake binafsi au ya kaya yake. Hata hivyo, kanuni hiyo inavitenga vinywaji vyenye kilevi vya aina zote, manukato, na tumbaku pamoja na bidhaa zake. Hivi havisamehewi kwa sababu tu vimo ndani ya begi la abiria. Vinasamehewa kwa kiwango maalumu, na si zaidi.

Kiwango kilichowekwa

Kwa kila abiria anayestahili, kiwango kisichotozwa ushuru ni hiki:

1. Vinywaji vikali visivyozidi lita 1, au mvinyo usiozidi lita 2.

2. Sigara, sigara kubwa za majani, tumbaku ya aina nyingine na ugoro, vyote kwa pamoja visivyozidi gramu 250.

3. Manukato na maji ya manukato, vyote kwa pamoja visivyozidi nusu lita, ambapo manukato yenyewe yasizidi robo ya kiasi hicho.

Msamaha wa pombe na tumbaku hutolewa kwa abiria aliyetimiza umri wa miaka 18 pekee. Mtoto mwenye pasipoti yake na tiketi yake ni abiria kamili kwa mambo mengine, lakini hana kiwango cha pombe wala cha tumbaku, na mzazi hawezi kukidai kwa niaba yake.

Yapo maneno matatu katika orodha hii yanayohitaji kusomwa kwa makini.

La kwanza ni neno "au". Abiria anachagua kati ya kinywaji kikali na mvinyo. Hapewi vyote viwili kwa ukamilifu wake. Mwenye lita 1 ya konyagi au wiski amekwisha kutumia kiwango chake, na chupa ya mvinyo iliyo pembeni yake itahesabiwa kuwa ziada.

La pili ni maneno "kwa pamoja". Gramu 250 ni jumla ya bidhaa zote za tumbaku alizobeba mtu mmoja. Sigara moja ya kawaida hukaribia uzito wa gramu 1, hivyo pakiti 10 zenye sigara 20 kila moja, yaani sigara 200, zimo ndani ya kiwango. Lakini abiria huyo huyo akiongeza gramu 100 za ugoro kwa ajili ya bibi yake, jumla itavuka gramu 250.

La tatu ni neno ambalo halimo kabisa, nalo ni bia. Orodha inataja vinywaji vikali na mvinyo pekee. Kwa kuwa vinywaji vyenye kilevi vya aina zote vimetengwa na msamaha wa jumla, na bia haikurejeshwa katika kiwango maalumu, abiria hana lita zozote za bia anazoweza kuzidai kuwa ni haki yake bila ushuru. Vivyo hivyo kwa mbege, pombe ya ndizi na ulezi inayotumika katika shughuli nyingi za Uchagani: si kinywaji kikali wala mvinyo, hivyo anayevuka nayo kwa ajili ya sherehe anapaswa kumweleza Afisa Forodha, badala ya kudhani kuwa kinywaji cha asili hakihusiki.

Mifano ya hesabu

Chupa nyingi za vinywaji hujazwa mililita 750. Kwa mantiki hiyo, chupa 1 ya kinywaji kikali imo ndani ya kiwango; chupa 2 ni lita 1.5, nazo zimezidi kwa nusu lita. Kwa mvinyo, chupa 2 ni lita 1.5 na zimo ndani ya kiwango. Chupa 3 ni lita 2.25 na zimezidi.

Mume na mke wanaosafiri pamoja ni abiria wawili, na kila mmoja ana kiwango chake. Hata hivyo, Sheria inataka bidhaa iingizwe na abiria mwenyewe na iwe mikononi mwake. Ni vyema kila mmoja abebe na kutamka cha kwake, kuliko chupa zote kuwekwa katika begi moja na mtu mmoja kulazimika kuzitolea maelezo.

Kwa sababu hiyo hiyo, chupa iliyotumwa kwa kifurushi, au iliyotangulizwa na kampuni ya usafirishaji mizigo kabla ya mwenyewe kufika, haina msamaha huu. Kiwango kinamfuata mtu, hakiufuati mzigo.

Chimbuko la viwango hivi

Viwango hivi havikubuniwa Afrika Mashariki peke yake. Mkataba wa Kimataifa kuhusu Nafuu za Forodha kwa Watalii, uliosainiwa New York tarehe 4 Juni, 1954, uliruhusu mtalii kuingia na sigara 200, au sigara kubwa 50, au gramu 250 za tumbaku. Baadaye, Mkataba wa Kyoto wa mwaka 1973 kuhusu kurahisisha taratibu za forodha, ambao ulifanyiwa marekebisho mwaka 1999, ulipendekeza gramu 250 za tumbaku pamoja na lita 2 za mvinyo au lita 1 ya kinywaji kikali. Msomaji ataona kuwa ndizo namba zilizomo katika Sheria ya Jumuiya.

Pamoja na hayo, kila nchi au jumuiya ina viwango vyake. Umoja wa Ulaya, kwa mfano, humruhusu abiria wa ndege anayetoka nje ya Umoja huo kuingia na lita 1 ya kinywaji kikali, na vilevile lita 4 za mvinyo na lita 16 za bia. Uingereza ina viwango vikubwa zaidi vya pombe. Kwa hiyo mwanafamilia anayeishi London au Amsterdam asitumie kiwango anachokifahamu huko kupanga mzigo wa kuja KIA. Kinachotumika ni kiwango cha mahali anapoingia, si cha mahali anapotoka.

Kanuni za ndege si kanuni za forodha

Mkanganyiko mwingine unatokana na kanuni za usalama wa anga. Kanuni za kimataifa humruhusu abiria kubeba hadi lita 5 za kinywaji chenye kilevi cha zaidi ya asilimia 24 na kisichozidi asilimia 70, kikiwa katika chupa zake za dukani zilizofungwa. Kinywaji chenye kilevi cha zaidi ya asilimia 70 hakiruhusiwi kabisa. Lengo la kanuni hiyo ni kuzuia moto ndani ya ndege. Haihusiani na kodi. Shirika la ndege likikubali lita 5, forodha itaendelea kuhesabu lita 1.

Hali ni hiyo hiyo kwa maduka ya viwanja vya ndege yasiyotoza ushuru. Duka lililopo Doha, Istanbul au Addis Ababa limemsamehe mnunuzi kodi ya nchi ile kwa kuwa bidhaa inatoka nje ya nchi hiyo. Tanzania haijasamehe chochote hadi abiria atakapofika, ajieleze, na kiwango chake kipimwe.

Mpaka wa Holili na Taveta

Kwa wakazi wa Kilema, mpaka unaotumika mara nyingi zaidi ni wa Holili. Tangu mwaka 2016 kituo hicho kinatoa huduma kwa pamoja na kituo cha Taveta. Msafiri husimama mara moja tu: anayeingia Tanzania hukamilisha taratibu za nchi zote mbili upande wa Holili, na anayeingia Kenya hukamilisha upande wa Taveta. Utaratibu huo umepunguza muda wa kusubiri, lakini haukuondoa wajibu wa kutamka bidhaa.

Hapa ndipo penye tofauti inayopaswa kueleweka. Kiwango cha lita 1 na gramu 250 kimeandikwa kwa ajili ya abiria wanaotoka nje ya Nchi Wanachama. Mtu aliyekwenda Taveta asubuhi na kurejea Himo jioni hakutoka nje ya Jumuiya. Bidhaa anazorudi nazo zinaangaliwa kwa kanuni nyingine, yaani kanuni za uasili wa bidhaa.

Bidhaa iliyotengenezwa katika Nchi Mwanachama, na ikatimiza vigezo vya uasili, haitozwi ushuru wa forodha inapovuka kwenda Nchi Mwanachama nyingine. Kwa wafanyabiashara wadogo kipo Cheti Rahisi cha Uasili wa Bidhaa, kinachotumika kwa shehena yenye thamani isiyozidi Dola za Marekani 2,000. Lakini ushuru wa forodha ni kodi moja tu kati ya kadhaa. Pombe na sigara hutozwa pia ushuru wa bidhaa, pamoja na Kodi ya Ongezeko la Thamani, ambayo kiwango chake cha kawaida Tanzania Bara ni asilimia 18. Cheti cha uasili hakiondoi kodi hizo. Mwenye kiwanda aliyepo Moshi huzilipa kwa bidhaa yake. Anayeingiza bidhaa kama hiyo kutoka Kenya naye anatakiwa kuzilipa.

Aidha, kununuliwa Taveta hakuifanyi bidhaa kuwa ya Kenya. Wiski iliyotengenezwa Scotland hubaki kuwa ya Scotland hata ikiuzwa katika duka lililo hatua chache kutoka mpakani, na haiwezi kudaiwa kuwa na uasili wa Jumuiya.

Vilevile, kuanzia tarehe 15 Januari, 2019, sigara, mvinyo, bia na vinywaji vikali vinavyouzwa nchini vinatakiwa kuwa na stempu za kielektroniki za kodi za TRA. Chupa yenye stempu ya Kenya imelipiwa kodi Kenya. Ikikutwa rafuni katika duka la Himo, Marangu au Kilema bila stempu ya Tanzania, mwenye duka atatakiwa kueleza imefikaje hapo. Mwananchi anayenunua bidhaa ya namna hiyo kwa bei ya chini ajue pia kuwa hana uhakika wa ubora wake.

Vitu visivyoruhusiwa kabisa

Vipo vitu ambavyo suala lake si kiwango wala kodi, kwa sababu haviruhusiwi kuingia. Vinywaji vikali vilivyofungashwa katika vifuko vya plastiki, maarufu kama viroba, vilipigwa marufuku nchini kuanzia tarehe 1 Machi, 2017. Gongo, hata ikiitwa kwa jina jingine ng'ambo ya mpaka, ni pombe haramu. Shisha ilipigwa marufuku na Serikali mwaka 2016. Mirungi, ambayo huuzwa kwa uwazi nchini Kenya, ni dawa ya kulevya kwa mujibu wa sheria za Tanzania, na anayekamatwa nayo hakabiliwi na shauri la forodha pekee.

Msafiri akumbuke pia kuwa mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku nchini tarehe 1 Juni, 2019. Chupa inaweza kuwa halali na mfuko uliobeba chupa hiyo usiwe halali.

Namna ya kutamka bidhaa

Msafiri anayefika na pombe au tumbaku anashauriwa kufuata hatua zifuatazo:

Kwanza, aandae risiti za manunuzi kabla ya kufika kwenye dawati la forodha. Risiti humsaidia afisa kujua thamani halisi, na humlinda msafiri dhidi ya makadirio.

Pili, atamke kabla ya kuulizwa. Pale penye njia mbili, ya kijani ni ya asiye na kitu cha kutamka, na nyekundu ni ya mwenye kitu cha kutamka au mwenye shaka. Mwenye shaka apite njia nyekundu. Kuuliza hakuna adhabu.

Tatu, kiasi kinachozidi kiwango kikikadiriwa kodi, aombe kuoneshwa hesabu. Ushuru wa forodha hukokotolewa kwa thamani ya bidhaa. Ushuru wa bidhaa kwa pombe hukokotolewa kwa lita, na kwa sigara hukokotolewa kwa kila sigara 1,000. Kodi ya Ongezeko la Thamani hukokotolewa mwisho, juu ya jumla.

Nne, alipe kwa kumbukumbu namba ya malipo ya Serikali na kupewa stakabadhi. Asimkabidhi mtu yeyote fedha mkononi bila stakabadhi. Akiombwa kufanya hivyo, atoe taarifa kwa uongozi wa kituo au kwa Taasisi ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa (TAKUKURU).

Tano, asikubali kumbebea mtu asiyemfahamu chupa au katoni "kwa kuwa yeye hana mzigo". Msamaha ni wa bidhaa ambayo ni mali ya abiria na ni kwa matumizi yake. Anayebeba ya mwingine hupoteza msamaha huo, na ndiye atakayejibu kwa lolote litakalokutwa ndani yake.

Adhabu na haki ya kukata rufaa

Kutoa taarifa ya uongo kwa Afisa Forodha ni kosa chini ya Kifungu cha 203 cha Sheria, na adhabu yake ni kifungo kisichozidi miaka 3 au faini isiyozidi Dola za Marekani 10,000. Kuingiza bidhaa kwa kuificha kuna adhabu kubwa zaidi, inayoweza kufikia kifungo cha miaka 5. Bidhaa yenyewe hutaifishwa, na Sheria inaruhusu kutaifishwa pia chombo kilichotumika kuibeba. Kijana wa bodaboda anayelipwa ujira mdogo kupitisha katoni za sigara au kreti za pombe kupitia njia za panya anahatarisha pikipiki ambayo huenda bado anailipia mkopo, wakati mwenye mzigo hayupo njiani.

Kwa upande mwingine, Sheria inamlinda mwananchi. Asiyeridhika na uamuzi wa afisa anaweza, kwa mujibu wa Kifungu cha 229, kumwandikia Kamishna ndani ya siku 30 akiomba uamuzi huo upitiwe upya na kueleza sababu zake. Ndiyo maana ni muhimu kutunza risiti, stakabadhi na nakala ya kila karatasi iliyosainiwa mpakani.

Sababu ya udhibiti

Pombe na tumbaku hutazamwa kwa jicho la pekee kwa sababu mbili: ni chanzo cha mapato ya Serikali, na matumizi yake yana athari kwa afya. Tanzania iliridhia Mkataba wa Shirika la Afya Duniani kuhusu Udhibiti wa Tumbaku mwaka 2007, na Ibara ya 6 ya mkataba huo inazitaja kodi kuwa njia mojawapo muhimu ya kupunguza matumizi, hususan kwa vijana. Ibara hiyo hiyo inazipa nchi nafasi ya kuzuia au kupunguza tumbaku isiyotozwa ushuru inayobebwa na wasafiri. Kiwango kilichopo ni nafuu kwa msafiri mwenyewe. Hakikuwekwa kuwa mlango wa biashara.

Viwango vya ushuru na kodi huweza kubadilishwa kila mwaka wa fedha, unaoanza tarehe 1 Julai. Kabla ya kusafiri, mwananchi anashauriwa kuthibitisha viwango vinavyotumika katika ofisi ya TRA mkoani Kilimanjaro, katika kituo cha forodha cha Holili, Tarakea au KIA, au kupitia tovuti ya Mamlaka hiyo.